Baa ndogo ya mvinyo wa asili Dodoma: namna ya kuchagua, kuagiza, kuonja na kubeba chupa

Adui wa mvinyo wa asili hapa Dodoma ni joto, na msaidizi wake ni hewa. Chupa iliyokuwa nzuri kwenye chumba chenye nyuzi 14 inageuka kitu kingine ikishinda kwenye rafu inayopigwa na jua la saa nane mchana. Kwa hiyo mengi ya yaliyomo humu, kuanzia saa ya kutoka nyumbani na swali la kwanza la kumuuliza mhudumu hadi namna ya kupakia chupa kwenye bajaji, yanarudi kwa hao wawili. Adabu za mezani zipo, ila ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza jina lenyewe

Ukitaja "pombe ya asili" Kanda ya Kati, mtu atafikiria ujimbi au wanzuki. Mvinyo wa asili ni wa zabibu tupu. Zabibu zimepondwa na kuachwa zichachuke kwa chachu iliyokuwa tayari kwenye maganda na kwenye vyombo, bila hamira ya dukani. Haikuongezwa sukari wala rangi, mvinyo haukuchujwa kwa mashine mpaka ung'ae, na salfaiti, yaani dawa ya kuhifadhi mvinyo, ama haikutiwa kabisa ama imetiwa kidogo wakati wa kujaza chupa. Hakuna sheria moja ya dunia nzima inayolinda jina hilo. Wafaransa wana hati yao ya hiari, Vin Méthode Nature, iliyotambuliwa mwaka 2020, ambayo kikomo chake ni miligramu 30 za salfaiti kwa lita. Linganisha na mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida (mkavu maana yake hauna utamu wa sukari), ambao kanuni za Umoja wa Ulaya zinauruhusu kufika miligramu 150.

Salfaiti ni mlinzi. Inazuia bakteria na inachelewesha kazi ya hewa. Ukimwondoa mlinzi, kinachobaki langoni ni usafi wa zabibu, kizibo na ubaridi. Aliyewahi kunywa ulanzi wa Iringa ataelewa haraka, kwa maana mtogwa wa asubuhi, ule mchanga na mtamu, si mkangafu mkali wa kesho yake. Mvinyo wa asili nao unaendelea kutembea ndani ya chupa. Unatembea polepole zaidi, lakini unatembea.

Hapa Dodoma, mahali pa kuunywa huwa padogo: meza tano au sita, ukubwa wa glosari ya mtaani, wakati mwingine kibaraza cha msindikaji mwenyewe. Pengine utakuta chupa za nje, hasa kutoka Swartland ya Afrika Kusini, Ufaransa, au Georgia, nchi ambayo bado inachachua mvinyo kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini, utaratibu ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013. Chupa za nje zimesafiri mbali na zimepita kwenye joto la bandari. Kati ya chupa ya nje yenye historia usiyoijua na ya hapa iliyotoka ghala la baridi kilomita chache tu, anza na ya hapa.

Kusoma ubao

Usitegemee kitabu cha orodha. Kutakuwa na ubao na chaki, vinywaji vinne hadi kumi vya kuuzwa kwa glasi, na orodha itabadilika kwa sababu msindikaji mdogo akimaliza tangi lake amemaliza. Majina utakayokutana nayo sana ni haya.

Chenin Blanc ni zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la Loire, Ufaransa, na imeizoea sana ardhi ya Dodoma. Ina ugwadu mzuri unaobaki hata jua likiwa kali, na ndiyo sababu tunaipendekeza kwa anayeanza. Tafuta harufu ya pera, embe bichi na asali kwa mbali. Makutupora nyekundu ni zabibu iliyopewa jina la Makutupora, kaskazini mwa jiji, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Mvinyo wake unaweza kuwa mwepesi na wa matunda ukiachwa na maganda siku chache, au mzito na mkali ukiachwa zaidi. Syrah huja na pilipili manga na zambarau. Cabernet Sauvignon ndiyo yenye ukakasi mwingi kuliko zote hizo, ule ukakasi wa ndizi mbichi unaokausha ulimi.

Pia kuna aina mbili zinazowashtua wageni. Mvinyo wa rangi ya chungwa hauna chungwa ndani yake. Ni zabibu nyeupe zilizochachuliwa pamoja na maganda kwa siku kadhaa au miezi, kwa hiyo una ukakasi wa chai iliyokolea. Petinati ni mvinyo wenye gesi uliotiwa kwenye chupa kabla haujamaliza kuchachuka, ukamalizia humo humo. Mara nyingi umefungwa kwa kizibo cha bati kama cha soda, na chini yake kuna machicha. Ni kawaida, haujaharibika.

Swali ambalo watu wachache huuliza, na ambalo kwa Dodoma lina uzito kuliko jina la zabibu, ni hili: zilivunwa lini? Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Wa kwetu haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi, anapogolea mara mbili na kuvuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo haukwambii ni mavuno yapi. Yale ya Machi yanaangukia mvua. Zabibu hunywa maji, sukari inapungua, maganda yanapasuka, ubwiri unaingia. Mtengenezaji wa kawaida anaweza kuzituliza zabibu za namna hiyo kwa salfaiti. Wa asili hana kinga hiyo, lazima achambue kishada kwa kishada na kutupa kingi. Yale ya Agosti yameiva kwenye ukavu, ganda ni zima na sukari imekolea. Kwa hiyo uliza tu, "Hii ni ya zabibu za mvua au za kiangazi?" Mhudumu anayejua kazi atajibu bila kusita. Asipojua, chagua kingine au omba kuonja kwanza.

Kwa waliozoea mvinyo mtamu

Ukweli ni kwamba wengi wetu tumejifunzia mvinyo kwenye Dompo na ndugu zake, na glasi ya kwanza ya mvinyo wa asili itaonekana kali. Karibu yote ni mikavu, na sababu yake ni hesabu. Chachu hula sukari, na kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita hutoa asilimia 1 ya kilevi. Ikiachwa, itakula mpaka iishe. Ukibakiza sukari kwenye mvinyo usiochujwa wala kutiwa salfaiti, chachu inaamka tena siku joto likipanda. Gesi inajaa, kizibo kinasukumwa, na chupa inaweza kupasuka.

Kwa hiyo ukisikia "wa asili" na "mtamu" katika sentensi moja, uliza uchachuaji ulisimamishwaje. Jibu likiwa "tumeongeza sukari mwishoni", hicho kinaweza kuwa kinywaji kizuri tu, lakini si cha aina unayoilipia. Mpenda utamu aanze na petinati au Chenin Blanc ya baridi sana, kisha Makutupora nyepesi iliyopozwa. Cabernet na mvinyo wa rangi ya chungwa avifikie siku ya pili au ya tatu. Kuanza navyo ni njia ya uhakika ya kurudi kwenye bia.

Saa ya kwenda, na vya kuangalia mlangoni

Nenda jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya joto zaidi na majokofu madogo huelemewa mchana. Juni hadi Agosti ni raha, ila beba sweta, maana upepo wa usiku wa Dodoma hauna mzaha. Kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, mji hujaa na meza sita zinaisha mapema. Piga simu au tuma ujumbe mchana. Uliza pia kama umeme upo, na kama jokofu lilizimika tangu jana, ahirisha.

Ukifika, kabla hujakaa, tazama chupa ziko wapi. Zikiwa kwenye jokofu au chumba cha ndani chenye kuta nene, zimelazwa, umefika mahali sahihi. Zikiwa zimesimama kwenye rafu ya dirishani kama mapambo, kunywa maji uondoke, au agiza iliyoko kwenye jokofu tu. Kizibo cha chupa iliyosimama miezi kwenye hewa kavu ya Dodoma hukauka na kupitisha hewa. Kama kuna jiko la nyama choma, kaa upande upepo unakotoka. Moshi wa mkaa unafuta harufu zote za glasi, na hapo utakuwa unalipia rangi. Manukato mazito na dawa ya mbu ya kupulizia vina madhara yaleyale, kwako na kwa meza ya jirani.

Chupa inayouzwa kihalali inapaswa kuwa na alama ya TBS na stempu ya kielektroniki ya TRA. Usione haya kuzitazama. Ukiambiwa kuna "mchuzi" mzuri kutoka kwenye dumu, kuwa mwangalifu. Mchuzi wa zabibu ni jina la biashara la mvinyo unaouzwa kwa wingi kabla ya kumaliziwa kiwandani, na dumu la lita 20 lililobaki nusu lina lita 10 za hewa juu ya mvinyo usio na kinga. Siku mbili za hali hiyo zinatosha kuanza siki.

Kuagiza

Salimia kwanza. "Mbukwenyi" inafungua milango mingi kwa Wagogo, lakini "habari za jioni" inatosha. Kisha mpe mhudumu mambo matatu: rangi, ukakasi, na bei. "Dada, naomba cheupe cha baridi, kisicho na ukakasi, kisichozidi elfu kumi kwa glasi." Sentensi hiyo inamsaidia kuliko kutaja nchi au mwaka. Ukikaa na watu wazima kuliko wewe, waache waonje kwanza. Chupa ya mezani humiminwa kuanzia kwa mkubwa.

Omba kuonjeshwa. Kiasi cha mililita 30, vidole viwili visivyojaa kwenye glasi ndogo, ni desturi ya baa hizi na hakilipiwi. Ukiomba cha tatu bila kuagiza, hapo umeanza kumkosea mwenye mali.

Swali la pili: "Imefunguliwa lini?" Petinati inywewe siku ileile. Nyeupe na nyekundu zilizorudishiwa kizibo na kukaa kwenye jokofu huvumilia siku mbili, pengine tatu. Zilizoachwa kaunta haziendi hata moja. Kuna chupa chache, hasa za rangi ya chungwa na zile zinazoanza na harufu ya kiberiti, ambazo siku ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Mhudumu akikwambia hivyo kwa yakini, mwamini na uonje.

Piga hesabu kabla. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125, au tano za 150. Tuseme chupa ni 30,000 na glasi ni 7,000. Glasi sita ni 42,000, kwa hiyo meza ya watu watatu inayojua itakunywa mbili mbili inunue chupa. Mkiwa wawili na mnataka kujifunza, nunueni glasi tofauti na mpokezane. Mpangilio unaofaa ni wenye gesi kwanza, nyeupe, rangi ya chungwa, nyekundu nyepesi, kisha nzito. Ukigeuza, Cabernet itaifanya Chenin ionekane maji. Malipo ya lipa namba yanakubalika karibu kila mahali, ila mtandao hupotea, weka taslimu mfukoni.

Ubaridi

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye baa. Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa "kwa joto la chumba" unatoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma mwezi wa Novemba kina 28 au zaidi. Kwa joto hilo kilevi kinapanda puani, matunda yanapotea, na kasoro yoyote iliyokuwa imejificha inasimama wima. Petinati inywewe kwa nyuzi 6 hadi 8, nyeupe 8 hadi 12, rangi ya chungwa 12 hadi 14, nyekundu nyepesi 13 hadi 15, na nzito isizidi 18.

Chupa ikiletwa ya moto, omba ndoo. Weka barafu nusu, maji nusu, na kiganja cha chumvi. Maji ni ya lazima kwa sababu barafu peke yake inaigusa chupa hapa na pale tu, na kati yake kuna hewa. Mvinyo mweupe utahitaji dakika 15 hadi 20, mwekundu dakika 8 hadi 10, kisha itoe. Jokofu la kawaida litachukua muda mrefu zaidi kwa kazi hiyohiyo. Usitie barafu ndani ya glasi. Hakuna atakayekufukuza ukifanya hivyo, lakini baada ya dakika tano utakuwa na maji yenye rangi tu.

Kunusa na kuonja

Glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba ni nzuri, ya mililita 350 au zaidi, ikijazwa theluthi moja. Bilauri pia inafaa, wenye baa nyingi za aina hii wanaipenda makusudi. Jambo la maana ni kuinusa ikiwa tupu. Harufu ya sabuni au ya kitambaa kibichi cha kufutia itaingia kwenye mvinyo. Ikinuka, mimina kijiko kimoja cha mvinyo, zungusha, mwaga, kisha jaza.

Nusa kabla ya kutikisa, tikisa mara tatu, nusa tena. Vuta funda dogo, lizungushe mdomoni mpaka liguse ufizi, meza, kisha subiri nusu dakika bila kula wala kuongea. Kusubiri huko kuna sababu, tutaifikia.

Ukungu kwenye glasi si kasoro, ni chachu na chembe za tunda ambazo hazikuchujwa. Mashapo chini ya chupa pia ni sawa. Omba chupa isimamishwe saa chache kabla, imiminwe polepole, na sentimita mbili za mwisho ziachwe. Vipunje vinavyong'aa kama chumvi ya mawe kwenye kizibo ni chumvi ya zabibu yenyewe, hujitenga mvinyo unapopoa. Gesi kidogo inayochoma ulimi kwenye mvinyo usiotarajiwa kuwa na gesi huondoka ukitikisa glasi kwa dakika mbili.

Kasoro za kweli, na chanzo chake

Kuna tabia mbaya iliyozuka kwenye baa za mvinyo wa asili duniani kote: kila harufu mbaya inaitwa "tabia ya asili". Siki ni siki. Mtengenezaji mzuri anaona aibu kuuza siki, na mteja hapaswi kuona aibu kuirudisha.

Siki na rangi ya kucha. Harufu ikichoma pua kama siki ya kachumbari au dawa ya kufutia rangi ya kucha, bakteria wa siki wamekula kilevi kwa msaada wa hewa. Hii ndiyo kasoro utakayokutana nayo zaidi hapa. Inaanzia kwenye tangi lisilojaa, au kwenye uchachuaji uliopata joto. Uchachuaji wenyewe huzalisha joto. Mvinyo mwekundu unataka kuchachuka kwenye nyuzi 22 hadi 28, mweupe chini ya 20. Tangi lililo chini ya bati bila kupozwa likipita 35, chachu inachoka na kusimama kabla sukari haijaisha, na bakteria wanapata karamu. Kiasi kidogo sana cha siki huupa mvinyo uhai. Ukikunja uso, kimezidi. Hakuna dawa yake mezani.

Mayai viza au kiberiti kilichowashwa. Hii inatokana na chachu kukosa hewa au chakula, na ndiyo pekee inayotibika. Mimina kwenye jagi kwa urefu, rudisha, subiri dakika 10 hadi 15. Nyingi hupona. Isipopona, mrudishie mhudumu.

Panya. Glasi inanukia vizuri, unameza, na baada ya sekunde kumi hadi thelathini koo linajaa ladha ya banda la panya au pumba zilizolowa. Inachelewa kwa sababu kemikali yake hairuki kwenye uchachu wa mvinyo. Mate yakiupunguza uchachu huo, ndipo inapoachiliwa. Hiyo ndiyo sababu ya kusubiri nusu dakika. Njia nyingine ni kupaka tone nyuma ya kiganja, kusugua na kunusa. Watu wengine hawaihisi kabisa, hivyo mkibishana mezani huenda nyote mnasema kweli. Hutokea karibu tu kwenye mvinyo usio na salfaiti, na huongezeka chupa ikishafunguliwa.

Zizi na plasta ya kidonda. Hii ni chachu pori iitwayo Brettanomyces, hukaa kwenye mapipa ya mbao na mipira ya kuhamishia mvinyo isiyosafishwa vizuri. Ikiwa kidogo wengine huipenda, hasa kwenye Syrah. Ikifunika tunda, ni uchafu.

Tofaa lililokatwa likaachwa. Rangi imekuwa ya kahawia, ladha ni ya karanga kavu na tunda lililochoka. Hewa au joto vimeshinda. Kwa mvinyo wa rangi ya chungwa kiasi fulani ni kawaida. Kwa Chenin changa, hapana.

Ukitaka kurudisha, fanya hivyo baada ya funda moja au mawili, si glasi ikibaki robo. "Kaka, hebu onja hii, naona ina siki." Mwache aonje mwenyewe. Mwenye baa anayejali atabadilisha, na mara nyingi atashukuru kwa sababu chupa iliyobaki ingewafikia wengine. Kutoipenda ni jambo lingine. Mvinyo mzima ambao hukuupenda unalipiwa.

Chakula cha pembeni

Jikoni mwa baa ndogo mna vitu vichache. Karanga za chumvi na korosho huenda na vyote. Mishkaki na mbuzi wa kuchoma vinataka nyekundu yenye ukakasi, kwa sababu mafuta na protini huulainisha. Samaki wa Mtera wa kukaanga na ndimu, Chenin bila kufikiri. Mlenda ni mtihani, kwa kuwa utelezi wake unaufanya mvinyo mwekundu uonekane chuma, kunywa petinati. Pilipili kali huongeza mwako wa kilevi, kwa hiyo weka kachumbari ya pilipili kando mpaka glasi za mikavu ziishe. Mvinyo wa rangi ya chungwa unavumilia vyakula vinavyoishinda mingine, hata maharage ya nazi na pilau.

Glasi ya maji kwa kila glasi ya mvinyo. Kilevi humu ni asilimia 11 hadi 14 kama mvinyo mwingine wowote, na "bila salfaiti" si ruhusa ya kunywa zaidi. Anayetumia metronidazo au dawa nyingine inayogombana na pombe akae na juisi. Chini ya miaka 18 hauziwi. Gari liache nyumbani.

Kuondoka na chupa

Baa nyingi huuza chupa za kubeba kwa bei ya chini kuliko ya mezani. Omba iliyoko kwenye jokofu, ifunge kwenye gazeti lililolowa, na uiweke kwenye deli kama lile la wauza barafu pamoja na chupa mbili za maji yaliyoganda. Buti la gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50, mvinyo unatanuka na kusukuma kizibo, na siku hiyo hiyo safari yake imekwisha hata kama chupa ni mpya. Ukisafiri kwa treni kwenda Dar es Salaam, shuka na chupa ikiwa wima na uipeleke moja kwa moja kwenye ubaridi. Unyevu na joto la Pwani ni vibaya kuliko ukavu wa huku.

Petinati ina masharti yake. Ipoze usiku mzima karibu na nyuzi 5, ikiwa imesimama ili machicha yatulie. Ifungulie juu ya sinki au nje uani, ukiinua kizibo cha bati kidogo kidogo kwa kifungulio cha soda, na ukisikia inafoka, kibane tena kwa kiganja, subiri sekunde kumi, rudia. Ya moto au iliyotikiswa kwenye bodaboda itamwaga theluthi moja ya chupa ukutani.

Nyumbani, zisizofunguliwa zilaze sehemu ya chini kabisa ya jokofu au kwenye chumba kisicho na dirisha la magharibi, na zisizo na salfaiti uzimalize kabla ya msimu wa joto wa Oktoba. Iliyobaki nusu, ihamishie kwenye chupa safi ya mililita 375 mpaka shingoni, ifunge na uirudishe kwenye baridi. Hapo hewa inakosa nafasi, na una siku mbili tatu za kuimalizia.